Chetan Chauhan: Mia Isiyofika na Kiti cha Amroha

Wachezaji wa kriketi wa India wanaojitosa katika siasa huingia na jina kubwa. Mansoor Ali Khan Pataudi alikuwa mwana wa nawabu kabla hajawa nahodha wa taifa. Mohammad Azharuddin aliiongoza India katika Kombe la Dunia mara tatu. Navjot Singh Sidhu, alipogombea ubunge wa Amritsar mwaka 2004, sauti yake ilikuwa imeshazoeleka majumbani kupitia televisheni. Chetan Chauhan hakuwa na mtaji wa namna hiyo. Alicheza mechi 40 za Testi, ile kriketi ndefu ya siku tano, na katika zote hizo hakufikisha mikimbio 100 hata mara moja. Watu walipomtaja walimtaja sambamba na mwenzake, Gavaskar na Chauhan, na daima jina lake lilikuja la pili.

Mtu huyohuyo alishinda ubunge wa taifa mara mbili, akakaa katika uongozi wa kriketi ya Delhi kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 2020 alikuwa waziri katika serikali ya Uttar Pradesh, jimbo lenye watu zaidi ya milioni 200. Tabia iliyompa nafasi uwanjani ndiyo iliyompa nafasi katika chama. Alikubali kufanya kazi ngumu upande wa pili huku mwingine akishangiliwa. Tabia hiyo ilimfikisha mbali, na kwa maoni yangu ndiyo pia iliyomzuia asifike mbali zaidi.

Bareilly na Pune, 1947–1969

Alizaliwa Bareilly tarehe 21 Julai 1947, siku 25 kabla ya Waingereza kushusha bendera yao. Wakati huo Uttar Pradesh ilikuwa bado inaitwa United Provinces. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na watoto wa wanajeshi hawachagui pa kukulia: mwaka 1960 baba alihamishiwa Pune, upande wa pili wa nchi, na familia nzima ikafunga mizigo.

Uhamisho huo ndio uliomfanya mchezaji. Kriketi ya India ya miaka ile ilikuwa na mizizi yake magharibi, Bombay na vitongoji vyake, na Pune haikuwa mbali na chemchemi hiyo. Katika Chuo cha Wadia alifundishwa na Kamal Bhandarkar, mchezaji wa zamani wa Maharashtra. Msimu wa 1966–67 alikichezea Chuo Kikuu cha Pune, na mwaka uliofuata akaingia timu ya Maharashtra katika Kombe la Ranji, mashindano ya majimbo ambayo kila Mhindi mwenye ndoto ya kuvaa kofia ya taifa lazima ayapitie.

Kazi yake ilikuwa kufungua. Mpigaji wa ufunguzi ndiye anayekabiliana na mpira ukiwa mpya, mgumu na unaong'aa, mikononi mwa warushaji wa kasi ambao bado hawajachoka. Siku hizo hakukuwa na kofia ngumu za kukinga kichwa. Kwa mpigaji wa aina hiyo, kupiga kwa madaha huja baadaye. Kwanza anatakiwa asitoke.

Aliitwa timu ya taifa Septemba 1969, dhidi ya New Zealand, mjini Bombay, chini ya nahodha Pataudi. Mkimbio wake wa kwanza aliusubiri dakika 25. Ulipokuja ulikuja kama pigo la mikimbio minne lililokatwa kuelekea pembeni, na pigo lililofuata likavuka uwanja juu kwa juu, mikimbio sita. Baada ya hapo, kimya.

Kuitwa na kuachwa, 1969–1977

Alicheza kidogo dhidi ya Australia ya Bill Lawry mwishoni mwa mwaka huo, akaachwa. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemwita. Msimu wa 1972–73 akajibu kwa namna pekee anayoweza mchezaji: mikimbio 873 katika Kombe la Ranji, ikiwemo zaidi ya 200 katika mechi mbili zilizofuatana, na ushirika wa ufunguzi wa mikimbio 405 na Madhu Gupte. Waliochagua timu wakamkumbuka, wakampa mechi mbili dhidi ya Uingereza, akashindwa, wakamtia kapuni tena.

Wengi huishia hapo. Yeye mwaka 1975 alihama Maharashtra akaenda Delhi, na huo ukawa uamuzi mkubwa kuliko alivyoweza kujua. Kwa kriketi ulimpeleka kwenye timu iliyokuwa inainuka chini ya Bishan Bedi, timu ambayo baadaye ingetwaa Kombe la Ranji kwa mara ya kwanza katika historia yake, msimu wa 1978–79, na kulitetea msimu uliofuata. Kwa siasa ulimweka katika mji mkuu, karibu na watu wanaogawa tiketi za kugombea, mwendo wa saa chache tu kutoka magharibi ya Uttar Pradesh alikozaliwa.

Msimu wa 1976–77 alifunga mia baada ya mia, nyingine akiwa amevunjika taya na limefungwa. Safari hii hawakuweza kumpuuza. Akapanda ndege kwenda Australia.

Upande wa pili wa Gavaskar, 1977–1980

Perth, Desemba 1977, alipata 88. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka mitatu, nafasi yake haikuwa na mgogoro.

Sunil Gavaskar wakati huo alikuwa tayari mpigaji bora wa ufunguzi duniani. Wenzi wake walikuwa wakija na kuondoka. Chauhan alipofika, akakaa. Wawili hao walifungua pamoja zamu 59, wakakusanya zaidi ya mikimbio 3,000, na mara kumi walivuka 100 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Hawakufanana hata kidogo. Gavaskar, mfupi, alikuwa na mbinu iliyonyooka kama ya kitabuni. Chauhan alikuwa na mapigo machache aliyoyaamini, na mengine yote aliyaacha yapite. Mpira uliomgonga mwilini aliuhesabu kuwa sehemu ya kazi.

Mwaka 1978 India na Pakistan zilirudi kucheza baada ya ukimya wa miaka 17 na vita viwili. Mjini Lahore wafunguzi hao walijenga 192 pamoja. Gavaskar akatoka akiwa na 97, Chauhan akatoka akiwa na 93. Kwa Gavaskar ilikuwa mia moja iliyopotea kati ya nyingi alizokuwa nazo na zilizokuwa zinakuja. Kwa Chauhan ilikuwa mwanzo wa mkosi.

Halafu ikaja The Oval, London, Septemba 1979. Uingereza iliipa India kazi ya kutafuta mikimbio 438 katika zamu ya mwisho, mzigo ambao timu yoyote yenye akili timamu ingeuweka chini na kutafuta sare. Gavaskar na Chauhan wakaanza kuubeba. Walifika 213 kabla ya Chauhan kutoka akiwa na 80, wakavunja rekodi ya India ya ushirika wa ufunguzi dhidi ya Uingereza, ile ya 203 iliyowekwa na Vijay Merchant na Mushtaq Ali mjini Manchester mwaka 1936. Gavaskar aliendelea hadi 221. India iliishia 429 kwa wiketi nane, mikimbio tisa tu pungufu ya ushindi. Mpaka leo ukitaja The Oval 1979 kwa Mhindi wa rika fulani atakwambia kuhusu 221. Ile 80 ni lazima umkumbushe, na bila 80 hiyo 221 isingekuwa na pa kusimama.

Adelaide na Melbourne, 1981

Yaliyotokea majira ya kiangazi ya Australia ya 1980–81 ndiyo yaliyomwandika Chauhan katika historia, na yote mawili yana mkono wa rafiki yake.

Kwanza Adelaide, Januari. Katika mechi hiyo kijana Sandeep Patil alipiga 174, yuleyule Patil ambaye miaka 22 baadaye aliifundisha Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Chauhan alifika 97. Gavaskar alikuwa ameshatolewa, yumo ndani anatazama kwenye televisheni, na alikuwa na ushirikina wake: hakutaka kutoka kwenda roshani mwenzake akiwa karibu na mia. Wachezaji wenzake wakamvuta watoke wote wakamshangilie. Akatoka. Mpira uliofuata Dennis Lillee wa Australia akarusha, ukagusa ubao wa Chauhan, ukaishia mikononi mwa Rodney Marsh nyuma ya wiketi. Gavaskar aliisimulia hadithi hiyo mwenyewe akijilaumu, na sidhani kama aliwahi kuimaliza bila kucheka na kuumia kwa pamoja.

Kisha Melbourne, Februari. India ilikuwa imefungwa Sydney na kutoka sare Adelaide. Katika zamu yao ya pili Gavaskar, nahodha, na Chauhan walikuwa wamejenga 165, na mechi iliyoonekana kupotea ilianza kurudi mikononi. Gavaskar, aliyehangaika mfululizo wote bila mikimbio, alikuwa na 70. Lillee akarusha, mpira ukapiga pedi, mwamuzi Rex Whitehead akanyoosha kidole: mguu mbele ya wiketi, nje. Gavaskar alishikilia kwamba mpira uligusa ubao wake kwanza, na akaonyesha ubao. Lillee akamsogelea akimwonyesha pahali kwenye pedi ulipogonga. Gavaskar akaanza kuondoka. Alikuwa ameshampita Chauhan aliposikia tusi kutoka kwa Waaustralia, ndipo damu ikamchemka. Akageuka, akamsukuma mwenzake kuelekea kwenye banda: tunaondoka sote.

Wakaondoka. Watu wawili wakitembea kuelekea mpaka wa uwanja, mmoja akitetemeka kwa hasira, mwingine akitii huku akisitasita. Kama wote wawili wangeuvuka mstari ule, India ingehesabiwa imesusia na mechi ingekuwa ya Australia. Meneja wa timu, Shahid Durrani, afisa wa jeshi la anga, pamoja na msaidizi wake Bapu Nadkarni, waliteremka mbio mpaka langoni. Gavaskar akapita. Chauhan akazuiwa palepale, akaamriwa arudi kati, na Dilip Vengsarkar akatoka kuungana naye.

Chauhan akarudi. Aliongeza kidogo, halafu Lillee akamtoa kwa 85. Gavaskar miaka ya baadaye alikiri mara nyingi kwamba alijutia alichofanya, na alisema mia hiyo nayo ni yeye aliyemnyima rafiki yake, kwa kuvuruga utulivu wake. Australia ilitakiwa kupata mikimbio 143 tu. Kapil Dev, akiwa na jeraha la paja, aliingia siku ya mwisho akachukua wiketi tano kwa mikimbio 28. Australia ikaanguka kwa 83 na mfululizo ukaisha moja kwa moja. Ushindi huo ungetupwa kwenye lango la uwanja kama mtu wa pili angevuka.

Wiki chache baadaye timu ilikwenda New Zealand. Mechi ya Auckland, Machi 1981, ilikuwa ya mwisho kwa Chauhan. Mwaka huo huo serikali ilimtunuku Tuzo ya Arjuna, heshima kubwa ya wanamichezo, na mwaka huo huo kriketi ya taifa ilifunga mlango wake. Novemba, Uingereza ilipokuja, aliyefungua na Gavaskar alikuwa Krishnamachari Srikkanth, kijana aliyepiga kila kilichomjia kana kwamba amechelewa basi. Mchezo wa siku moja ulikuwa unabisha hodi, na India ingetwaa Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 1983. Mtu wa kuacha mipira ipite hakuwa na pa kukaa tena.

Takwimu zake: mikimbio 2,084, nusu-mia 16, mia sifuri. Alikuwa wa kwanza duniani kumaliza maisha ya Testi akiwa na zaidi ya 2,000 bila mia. Katika kriketi ya daraja la kwanza kwa jumla alikuwa na mia 21 na zaidi ya mikimbio 11,000, kwa hiyo si kwamba hakujua njia ya kufika huko. Aliendelea kuichezea Delhi hadi mwaka 1985.

Kutafuta kura Amroha, 1991–2004

Ili kuelewa namna mtu huyu alivyoingia bungeni, inabidi kuiacha kriketi na kutazama India ya 1990. Agosti mwaka huo Waziri Mkuu V. P. Singh alitangaza kwamba nafasi za kazi serikalini zitatengewa tabaka za nyuma kwa kufuata ripoti ya Tume ya Mandal, na vijana wa tabaka za juu wakaingia barabarani. Septemba, L. K. Advani wa chama cha Bharatiya Janata, BJP, alipanda gari lililopambwa mfano wa mkokoteni wa vita wa kale, akaanza safari kutoka Somnath kuelekea Ayodhya, akidai hekalu la Rama lijengwe pahali palipokuwa na msikiti wa Babri. Alikamatwa Bihar mwezi Oktoba. BJP ikaondoa uungaji mkono wake, serikali ikaanguka. Serikali iliyofuata haikudumu, na uchaguzi ukaitishwa katikati ya mwaka 1991. Katikati ya kampeni, tarehe 21 Mei, Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani na kiongozi wa chama cha Congress, akauawa kwa bomu.

BJP ilikuwa chama kilichokuwa kinapanuka kwa kasi kuliko hazina yake ya wagombea. Kilihitaji watu wanaojulikana na wasio na madoa ya serikali zilizopita. Mchezaji wa zamani wa taifa, mzaliwa wa jimbo, mtoto wa mwanajeshi, alikuwa anafaa. Akapewa eneo bunge la Amroha.

Amroha si mahali pepesi. Ni mji wa maembe na wa mafundi wa ngoma za dholak, mji wa kaburi la Shah Wilayat ambapo watu hubeba nge viganjani wakiamini hawaumi wakiwa ndani ya ua wa walii. Ni nyumbani kwa mtengenezaji filamu Kamal Amrohi na mshairi Jaun Elia. Waislamu ni wengi, na pamoja nao wako Wadaliti, Wajat, Warajput na jamii nyingine za wakulima wa miwa. Hakuna kundi moja linaloweza kumchagua mbunge peke yake. Kila uchaguzi ni hesabu ya nani ameungana na nani, na kura za upande gani zimegawanyika. Mgombea wa BJP anashinda pale wapinzani wake wakipigania ndoo moja.

Mwaka 1991 waliipigania. BJP ilipata viti 51 kati ya 85 vya Uttar Pradesh katika Lok Sabha, bunge la chini la taifa, kile cha Amroha kikiwa kimojawapo. Ilitwaa pia serikali ya jimbo chini ya Kalyan Singh. Huko Bhopal, Pataudi, yule nahodha aliyempa Chauhan mechi yake ya kwanza, aligombea kwa tiketi ya Congress akabwagwa na mgombea wa BJP. Nahodha mwenye ukoo wa kifalme alishindwa, na mfunguzi wake asiye na mia akaenda Delhi. Nadhani kura zile zilikuwa za chama zaidi kuliko za mtu, kwa wote wawili.

Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti wa Babri. Serikali ya Kalyan Singh iliondolewa siku hiyo hiyo, na ghasia zilizofuata ziliua watu katika miji mingi ya India. Chauhan alikuwa mmoja wa wabunge wengi wa chama kilichoendesha kampeni ile. Hakuwa miongoni mwa waliosimama jukwaani kuihutubia nchi. Lakini katika eneo lenye Waislamu wengi kama Amroha, mbunge wa BJP hakuweza kutembea kana kwamba siku hiyo haikutokea, na hesabu za kura hazikuwa zile zile tena.

Mwaka 1996 alishindwa. Mwaka 1998 alirudi bungeni, safari hii akiwa upande wa serikali ya Atal Bihari Vajpayee. Serikali hiyo ilidumu miezi 13 tu: Aprili 1999 iliangushwa kwa kura moja, 270 kwa 269. Uchaguzi ukaitishwa tena, Vajpayee akarudi madarakani kwa nguvu zaidi, na Chauhan akaangushwa na Rashid Alvi wa chama cha Bahujan Samaj. Mwaka 2004 akajaribu tena, akashika nafasi ya nne nyuma ya mgombea binafsi aliyetwaa kiti.

Kwa hiyo wakati chama chake kilipotawala India kwa muda mrefu zaidi hadi wakati huo, yeye alikuwa nje. Aliingia bungeni chama kikiwa upinzani, akaingia tena serikali ikiwa inayumba, akatoka ilipotulia.

Ofisi za kriketi, 1999–2016

Mtu aliyeshindwa uchaguzi India hahitaji kukaa bure kama anajua kriketi. Chama cha kriketi cha Delhi, DDCA, kiliongozwa kuanzia mwaka 1999 na Arun Jaitley, wakili na mmoja wa vigogo wa BJP. Chauhan alishika humo nyadhifa mbalimbali kwa miaka, tangu uchaguzi wa timu hadi uongozi wa juu. Mara nyingine tena alikuwa karibu na mkubwa, akibeba kazi za kila siku.

DDCA haikuwa na sifa nzuri. Ilisemwa kwa ufisadi, kwa kura za uwakala, kwa uwanja wa Feroz Shah Kotla uliojaa kashfa za ujenzi. Aliyepiga kelele zaidi alikuwa Kirti Azad, mshindi wa Kombe la Dunia la 1983 na mbunge wa BJP hiyo hiyo, ambaye mwaka 2015 alimshambulia Jaitley hadharani na akasimamishwa uanachama. Chauhan alichagua upande wa uongozi wa DDCA. Wanakriketi wawili, chama kimoja, mji mmoja: mmoja alitoka uwanjani kwa hasira, mwingine alibaki.

Kati ya hayo palitokea Sydney. Chauhan alikuwa meneja wa timu ya India iliyozuru Australia 2007–08, nahodha akiwa Anil Kumble. Mechi ya Sydney ya Januari 2008 ilijaa maamuzi mabovu ya waamuzi, mengi dhidi ya India, na ikaisha India ikifungwa dakika za mwisho. Juu yake kukawa na shtaka: Harbhajan Singh alidaiwa kumwita Andrew Symonds, mchezaji wa Australia mwenye asili ya Karibi, nyani. Msimamizi wa mechi, Mike Procter, alimfungia mechi tatu. India yote ikawaka moto. Palikuwa na sauti kubwa zilizotaka timu ifungashe virago irudi nyumbani.

Ungeweza kudhani mtunzi wa tamthilia ndiye aliyepanga hivyo. Yule aliyezuiwa na meneja kwenye mpaka wa Melbourne mwaka 1981 sasa ndiye alikuwa meneja. Alisimama kidete upande wa mchezaji wake, akalikana shtaka mbele ya Procter, na timu ikakata rufaa bila kuondoka. Mwamuzi Steve Bucknor alibadilishwa. Mwisho wa Januari jaji John Hansen wa New Zealand aliondoa adhabu ya ubaguzi, akamtoza Harbhajan nusu ya malipo ya mechi kwa kosa dogo la matusi. Kabla ya uamuzi huo India ilikuwa imekwenda Perth ikashinda. Waaustralia wengi mpaka leo wanaamini pesa za bodi ya India ndizo zilizoamua rufaa ile, na Symonds hakupona machungu yake. Kumble alimsifu meneja wake kwa kusimama imara siku zile.

Mwaka 2016 serikali ya Narendra Modi ilimteua mwenyekiti wa Taasisi ya Taifa ya Teknolojia ya Mitindo, chuo kinachofundisha ubunifu wa mavazi. Vichekesho havikuisha kwa wiki nzima: mpigaji wa ufunguzi na vitambaa vya hariri wapi na wapi? Katika siasa, uteuzi wa aina hiyo ni namna ya kumwambia mtu kwamba utiifu wake umeonekana.

Waziri wa Uttar Pradesh, 2017–2020

Akiwa na miaka 69 alirudi kuomba kura, safari hii za bunge la jimbo, katika eneo la Naugawan Sadat ndani ya wilaya ya Amroha. Uchaguzi wa 2017 ulikuwa gharika: BJP ilitwaa viti 312 kati ya 403. Naugawan Sadat ikamchagua. Tarehe 19 Machi Yogi Adityanath, mtawa wa Gorakhpur, aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi, na Chauhan akaapa naye kama waziri kamili wa michezo na vijana.

Wizara hiyo ilimfaa kuliko nyingine yoyote, lakini katika baraza la Adityanath mamlaka makubwa yalikuwa kwa Waziri Kiongozi mwenyewe. Agosti 2019 mabadiliko ya baraza yalimwondoa Chauhan kwenye michezo, akapewa ustawi wa wanajeshi, walinzi wa akiba na ulinzi wa raia. Kwa mtoto wa afisa wa jeshi haikuwa kazi ya kudharau. Kwa mwanamichezo ilikuwa kushushwa ngazi kwa upole.

Julai 2020, janga la korona likiwa linapanda, alipimwa akakutwa na virusi. Alilazwa kwanza Lucknow, kisha figo zikaanza kufeli, akahamishiwa Gurugram karibu na Delhi na mwishowe akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Alifariki tarehe 16 Agosti, siku moja baada ya India kusherehekea miaka 73 ya uhuru wake. Umri wake ulikuwa huo huo. Alikuwa waziri wa pili wa jimbo hilo kufa kwa korona ndani ya mwezi mmoja, baada ya Kamal Rani Varun.

Jioni ya tarehe 15, Mahendra Singh Dhoni alikuwa ametangaza kustaafu kriketi ya kimataifa. Asubuhi ya tarehe 16 magazeti yalikuwa ya Dhoni, na kifo cha Chauhan kikaja kutafuta nafasi kwenye kurasa zilizokwisha kujaa.

Siku chache baadaye Sunil Singh Sajan, mjumbe wa upinzani aliyekuwa amelazwa wadi moja naye, alisimama katika Baraza la juu la jimbo. Alidai kwamba wahudumu walikuja wakiuliza Chetan ni nani, wakamwita kwa jina tupu, wakamuuliza anafanya kazi gani. Mgonjwa alijibu kwamba ni waziri. Wengine wadini wakiona jinsi anavyotendewa walikasirika, alisema Sajan, lakini mwenyewe hakupaza sauti. Maneno hayo yalizua mabishano makali, serikali na upinzani wakitupiana lawama juu ya tiba aliyopata.

Gavaskar aliandika kuhusu mwenzake kwamba miaka ya mwisho, kila walipokutana, Chauhan alimwita wakumbatiane, akisema sasa wanacheza ova za lazima za maisha, zile za saa ya mwisho ya mechi. Gavaskar alimjibu kuwa bado wana ushirika mmoja wa mia wa kujenga. Chauhan alicheka, akamkumbusha kwamba mpigaji wa mia kati yao hakuwa yeye.

Kiti cha Naugawan Sadat kilitangazwa wazi. Uchaguzi mdogo ulifanyika Novemba 2020 katika maeneo saba ya Uttar Pradesh, na BJP ikamsimamisha mjane wake, Sangeeta Chauhan. Chama kilichukua maeneo sita kati ya hayo saba, na Naugawan Sadat ilikuwa mojawapo.